Bibi wa Kigonsera aliponiagiza merikani

Ukiwa Dar ukaulizwa kwenu wapi, ukajibu "Kigonsera", jiandae kwa swali la pili. "Kigo nini?" Mwenzenu kwa miaka mingi nilikuwa najibu "Songea" ili kupunguza maneno, na mtu akikazana namwongezea "ukiwa unakwenda Mbinga". Basi anaridhika, maana Mbinga anaijua kwa kahawa. Leo acha niseme waziwazi kwamba kwetu ni Kigonsera, na nikupeleke huko kwa sababu ya neno moja lililonitia aibu mbele ya bibi yangu mzaa baba.

Kabla hatujapanda basi tuelewane kwanza. Sisi vijana wa mjini tuna tabia ya kuzibatiza nchi za watu. Ulaya ni Mamtoni. Afrika Kusini ni Bondeni. Popote panapohitaji ndege na viza ni Majuu. Na Marekani je? Marekani ni Unyamwezini. Ukisikia kijiweni "jamaa siku hizi yuko Unyamwezini", usije ukapanda treni kwenda kumtafuta Tabora, utarudi mikono mitupu. Na Mmarekani mwenyewe, hasa yule mweusi mwenye suruali pana na cheni shingoni, ndiye Mnyamwezi.

Sasa mimi ninaye mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye kijiji kizima kinamwita Mnyamwezi wakati ni Mmatengo wa baba na mama. Alilipata jina hilo kwa kuipenda Marekani. Kila mwaka ilipofika Oktoba alikuwa akicheza ile bahati nasibu ya viza ya Wamarekani, iliyotungiwa sheria mwaka 1990 na kuanza kutoa viza mwaka 1995. Alikuwa anapanda gari hadi Mbinga mjini kujaza fomu kwenye kompyuta ya watu, picha ya pasipoti mkononi, shati limepigwa pasi utadhani viza inatoka siku hiyo hiyo. Pikipiki aliyokuwa anaendesha ya bosi wake ilikuwa na madigadi ya nyuma iliyoandikwa kwa rangi nyeupe UNYAMWEZINI. Abiria wa kutoka Tabora, kama angetokea, nadhani angempunguzia nauli.

Basi bwana, ilikuwa Juni 2014 nilipopigiwa simu na baba mdogo. Tulizungumza ya shamba na ya ada, halafu akasema, "Bibi yako anasema mumewe akija likizo amletee merikani." Mumewe ni mimi. Kwa wale wasiofahamu, bibi zetu wana utani wa kuwaita wajukuu wa kiume waume zao, na mimi kama mkubwa wa wajukuu ndiye mume halali, wengine wageni tu.

Mimi nikasikia "Marekani". Nikacheka peke yangu. Nikajua Mnyamwezi kishamwambukiza bibi ugonjwa wake. Jumamosi nikaenda Karume kwenye mitumba, nikapekua hadi jasho likanitoka, nikapata sweta moja zito la kofia, la bluu, limeandikwa kifuani NEW YORK kwa herufi kubwa. Muuzaji akaniapia kwamba ni ya kwao kabisa, haijapita China. Nikalipa, nikajiona mjukuu wa maana.

Safari ya Songea kwa basi haina ubishoo. Saa 12 asubuhi mko Ubungo (wakati huo stendi ilikuwa bado Ubungo), mchana mko mlima Kitonga mnashika viti, Makambako baridi inaanza kuwauliza mmekuja na nini, Njombe inawajibu yenyewe. Songea tukaingia usiku, nikalala gesti, asubuhi nikadaka Noah la Mbinga.

Hapo ndipo nilipopata mshangao wa kwanza. Sisi tuliokulia huko tunaijua barabara ile ilivyokuwa. Wakati wa masika Songea hadi Mbinga mtu ulikuwa unaweza kulala njiani, gari limezama, abiria mmevua viatu mnasukuma, na tope jekundu linakuganda mpaka kwenye nyusi. Safari hii tulipita njia panda ya Peramiho kwenye lami nyeusi iliyonyooka kama imechorwa kwa rula. Dereva anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine kashika karanga.

Lami hiyo ilijengwa kwa fedha za Wamarekani. Februari 2008 Rais George W. Bush alikuja Dar, yeye na Rais Kikwete wakatia saini mkataba wa dola milioni 698 wa lile shirika lao la Changamoto za Milenia. Humo zilikuwemo barabara kadhaa za nchi hii, na kimojawapo ni kipande cha Peramiho hadi Mbinga. Mkataba ukafikia mwisho wake Septemba 2013. Kwa hiyo Unyamwezini ya Mnyamwezi ilikuwa imeshapita mbele ya mlango wake, yeye akiwa bado anajaza fomu.

Kigonsera yenyewe ukishuka utaiona ni ya zamani kuliko inavyojionyesha. Misheni ya Wabenediktini ilifunguliwa mwaka 1899, mwaka mmoja tu baada ya Peramiho. Kulikuwa na seminari, na miongoni mwa vijana waliopita hapo ni Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa Awamu ya Tatu. Siku hizi kuna sekondari ya serikali ya wavulana inayojulikana nchi nzima, ingawa wengi wanaoijua kwenye orodha ya matokeo hawajui iko upande gani wa ramani. Julai hapo ni baridi ya kukufanya uipende jamii yako, maana wote mnaishia kwenye moto mmoja jikoni. Kahawa imeanikwa, mahindi yamevunwa, na jioni dagaa wa Nyasa wanakaangwa mpaka mbwa wa jirani wanakuja kusalimia.

Nilimkuta bibi jikoni. Tukasalimiana, akanilaumu kwa kukonda (bibi hajawahi kuona mtu aliyenenepa), nikafungua begi. Nikatoa lile sweta, nikalikunjua mbele ya watu wote kwa mbwembwe. "Merikani yako hii hapa, mke wangu."

Akalishika. Akalipindua nje ndani. Akavuta mshono. Akaniangalia.

"Hii ni nguo ya kuvaa."

"Ndiyo, bibi. Imetoka Marekani kabisa. Imeandikwa New York."

"Mimi nimekuomba merikani, mume wangu. Merikani ya kuvalishwa."

Mama mdogo akaacha kuchochea moto. Mimi bado sijaelewa, nimesimama na mfuko mtupu, najichekesha. Akanielewesha mwenyewe, bila kupandisha sauti, kama mtu anayekuagiza chumvi. Alitaka kitambaa kile cheupe cha pamba, kisichotiwa rangi, cha kumfunga siku akifa. Hakutaka aje akapewe shuka la mtu.

Hapa lazima nikwambie habari ya babu. Babu alifariki mwaka 1982, mimi sijazaliwa. Wanaoukumbuka wakati ule wanajua maduka yalikuwaje. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka 1979, nchi haina fedha za kigeni, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na kitambaa hakuna. Baba mdogo, akiwa kijana, alitembea duka hadi duka mpaka Mbinga na kurudi, hakupata hata mita moja ya kitu cheupe. Babu akazikwa kwa shuka la kitandani lililoazimwa kwa jirani, lenye kiraka upande wa miguuni. Jirani alisema hataki lirudishwe wala lilipwe. Lakini bibi alikiona kile kiraka. Miaka 32 baadaye alikuwa anakikumbuka kilipokaa, akatuonyesha kwenye mguu wake mwenyewe, hapa, chini kidogo ya goti.

Sikuwa na la kusema. Nikatoka nje kujifanya napiga simu.

Baadaye nilikaa na mzee mmoja jirani, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenifumbua macho kuhusu hilo neno, na mengine nikayasoma mwenyewe niliporudi mjini. Acha nikwambie kwa ufupi, maana kuna mambo humo yatakukera na mengine yatakuchekesha.

Sisi tunadhani merikani ni Marekani iliyotamkwa kishamba. Kumbe bibi zetu hawakukosea kitu. Huku kwetu bara, kitambaa kilifika kwanza na nchi ikafuata nyuma. Septemba 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mjini Muscat. Mwaka 1837 akaja Unguja balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, mji mdogo wa bandari kwenye jimbo la Massachusetts. Meli za Salem zilikuwa zinataka pembe za ndovu, ngozi na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Na walichokileta kwa wingi ni kitambaa cha pamba kigumu, kisichopaushwa, kutoka viwanda vya huko kwao Massachusetts. Watu wa pwani wakakiita amerikani. Kilipopanda bara ile "a" ikaanguka njiani kwa uchovu, kikawa merikani.

Kikawa ndiyo fedha. Ulikuwa unapima kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Ukitaka kupita kwenye nchi ya mtemi, unatoa doti. Ukitaka chakula, unakata mikono. Wapagazi waliokuwa wanabeba mizigo hiyo kutoka pwani kwenda Ujiji wengi wao walikuwa, sikiliza vizuri, Wanyamwezi. Wanyamwezi wa kweli, wa Tabora. Na ule mzigo wa nguo mabegani mwao uliitwa mtumba. Nilipofika hapo kwenye kusoma nilicheka peke yangu kama chizi. Karne ya 19 Mnyamwezi alikuwa anabeba mtumba wa merikani, na mimi mwaka 2014 nimekwenda Karume kwenye mitumba kununua Marekani kwa ajili ya Mnyamwezi wa Kigonsera!

Stanley naye, yule mwandishi aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone, alipoondoka pwani mwaka 1871 alibebesha watu merikani ya kulipia njia.

Hayo ndiyo ya kuchekesha. Sasa haya mengine. Huku kwetu kusini njia kuu ilikuwa ya kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa. Nguo zilipanda, pembe zikateremka, na pamoja na pembe waliteremka watu wamefungwa shingo. Doti zile zile zilizonunua pembe zilinunua na binadamu. Na pamba yenyewe iliyofumwa Massachusetts ilikuwa imechumwa kwenye majimbo ya kusini ya Marekani na watu weusi waliokuwa watumwa huko. Sijui nikwambie nini hapo. Mzee mwalimu aliponieleza alitulia kidogo, akaongeza kuni, akasema tu, "Kitambaa hakina kosa."

Halafu mwaka 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, mpaka 1865, wakipigania mambo hayo hayo ya utumwa. Pamba ikakatika viwandani, merikani ikapanda bei, na wengine wakaingia sokoni: kitambaa cha Waingereza, baadaye cha viwanda vya Bombay. Lakini mteja alishazoea jina. Kikaja cha Bombay, nacho kikaitwa merikani. Kwa hiyo merikani ambayo bibi aliijua utotoni kwenye duka la Mhindi, yawezekana kabisa haikuwahi hata kuisikia harufu ya Marekani. Wenye jina walishaondoka, jina likabaki linauza.

Turudi Mbinga. Kesho yake nikamwambia Mnyamwezi anipakie, twende kutafuta. Duka la kwanza kijana mwenye kipini sikioni akatusikiliza, akaingia ndani, akarudi na kitambaa cha kufunga kichwani chenye nyota na mistari ya bendera. "Marekani hii hapa, bro. Elfu mbili." Mnyamwezi akakipenda! Nikamvuta mkono. Duka la pili wakatupa cheupe, lakini ni kile cha plastiki cha kushonea mapazia, ukikishika kinateleza kama samaki. La tatu hivyo hivyo. Tukaanza kukata tamaa.

Duka la nne lilikuwa la mama mmoja wa makamo, anauza vitenge, vitambaa vya shule na vifungo. Nikasema neno lile lile. Hakuuliza mara mbili. Akaweka mkasi chini, akashusha sauti.

"Poleni, wanangu. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu, mama. Ni bibi mwenyewe kaagiza."

Akatuangalia, akatabasamu kidogo. "Basi huyo ana akili." Akapanda kwenye kigoda, akateremsha jora toka juu kabisa, chini ya mifuko ya vifungo. Rangi ya maziwa yaliyokaa, unauona uzi wenyewe, na vijipunje vyeusi vya pamba humo ndani. Tulichukua mita sita. Shilingi elfu kumi na mbili. Mnyamwezi, ambaye tangu asubuhi alikuwa anapiga stori za Chicago na Texas bila kukata, njia nzima ya kurudi hakusema neno. Alikiweka kile kifurushi mbele, kati yake na tangi la mafuta, hakutaka nikishike mimi.

Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Kwanza alikinusa. Kisha akakaa chini kwenye mkeka, akaanza kukipima kwa mkono wake, kiwiko hadi kidole, anahesabu kwa sauti. Ikafika kumi na nne.

"Mkono wangu siku hizi umekuwa mfupi," akasema. "Lakini na mimi mwenyewe ni mfupi. Kitatosha." Akakikunja, akatia kipande cha sabuni ya kunukia katikati ya mikunjo, akakifungia kwenye sanduku lake la bati. Halafu akageuka, "Haya, lile sweta lako liko wapi? Nasikia baridi."

Mpenzi msomaji, lile sweta ndilo lililoleta jina jipya kijijini. Alilivaa misa ya asubuhi, alilivaa shambani, alilivaa akipukuchua mahindi, kofia imevutwa juu ya kilemba na herufi za NEW YORK zimepauka kwa majivu. Watoto wakaanza kumwita Bibi Nyuyoku. Akiitwa hivyo anaitika. Mnyamwezi alikuwa anaumia kidogo, nadhani, kwa sababu jina la mji wake wa ndoto lilikuwa limechukuliwa na mtu ambaye hata Dar hajafika.

Bibi alifariki Mei 2017. Nilipata simu usiku, kesho yake nikasafiri, na kwa ile lami niliwahi. Mama mdogo alikuwa na ufunguo wa sanduku shingoni. Alipolifungua, wanawake wa jumuiya waliokuwa chumbani walinyamaza, maana harufu ya ile sabuni ilitoka kwanza kabla ya kitu chochote. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vile vile. Hakikuwa na doa. Mama mmoja mzee akakipeleka mkono, akasema, "Eee, merikani," kama mtu aliyekutana na mwenzake wa zamani stendi. Kilitosha. Kilibaki hata kipande cha mkono mmoja na nusu, baba mdogo akakiomba, akakikunja akatia mfukoni mwa koti. Sikumuuliza cha nini. Kiraka kile nakijua.

Siku ya kugawa vitu vya marehemu kila mtu alipata chake. Mimi kama mume nilipewa kigoda. Sweta alipewa Mnyamwezi, na hakuna aliyebisha.

Asubuhi ya kuondoka ndiye aliyenipakia hadi barabarani. Safari hii pikipiki ilikuwa ya kwake mwenyewe, ameinunua kwa mkopo wa kahawa, madigadi ya nyuma haijaandikwa kitu. Oktoba iliyopita hakujaza fomu. Nilipomuuliza alisema alikuwa anachuma. Kulikuwa na baridi kali, kavaa lile sweta, kofia juu. Noah la Songea likasimama, kondakta akatoa kichwa dirishani, akasoma kifuani.

"We Nyuyoku, twende, nafasi mbili!"

"Anakwenda huyu," akasema Mnyamwezi, akanikabidhi begi. "Mimi ni wa hapa hapa Kigonsera."